Kilo Kamili Asubuhi na Jioni: Kisa cha Nukta na Mkato katika Malipo ya Maziwa

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika chama cha ushirika cha maziwa kilicho nje kidogo ya mji wa Nakuru. Jina la chama, majina ya vituo na ya watu nimeyaacha, na baadhi ya idadi nimezisogeza kidogo ili chama kisitambulike, ingawa uwiano wa hesabu zenyewe sikuugusa. Mimi na mwenzangu ndio tuliounda programu yake ya malipo, na sehemu kubwa ya makosa yatakayoelezwa hapa ni yetu.

Chama kina wanachama mia mbili na kidogo, wengi wao wakiwa na ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa. Maziwa hupokelewa asubuhi na jioni katika vituo vitatu. Kila kituo kina mizani ya kidijitali inayoonyesha kilo hadi tarakimu moja baada ya nukta, na kando yake tableti ambamo karani wa kituo huingiza nambari ya mwanachama na uzito. Jioni tableti ilikuwa ikitoa faili ya CSV, yaani maandishi matupu yenye mstari mmoja kwa kila maziwa yaliyopimwa, na faili hiyo ilitumwa ofisini kwa WhatsApp. Karani wa ofisi aliifungua katika lahajedwali la Excel, akarekebisha nambari za wanachama zilizokosewa, akaihifadhi upya kwa jina lile lile, kisha akaipakia kwenye mfumo wa malipo. Mfumo ndio uliojumlisha kilo za mwezi, ukazizidisha kwa bei ya shilingi 45, ukaondoa makato ya chakula cha mifugo na huduma za daktari, na kuandaa orodha ya malipo ya M-Pesa.

Utaratibu huo ulikwenda zaidi ya mwaka mmoja bila lalamiko. Ulisimama juu ya jambo ambalo hakuna aliyeliandika popote: kwamba kila kifaa katika safari hiyo kinaandika nambari kama tunavyoandika Kenya, nukta ikitenga desimali na mkato ukitenga maelfu.

Mambo yalivyotokea

Mwanzoni mwa Januari kompyuta ya ofisi iliharibika, na chama kikanunua nyingine dukani mjini, mojawapo ya zile zilizokwisha kutumika Ulaya. Muuzaji alikuwa ameisafisha na kuiwekea lugha ya Kiingereza, lakini muundo wa eneo, yaani mpangilio unaoamua jinsi tarehe, fedha na nambari zinavyoandikwa, ulibaki wa Ujerumani. Katika Windows lugha ya menyu na muundo wa eneo ni mipangilio miwili iliyo mbalimbali, na mtu anaweza kutumia mashine kwa Kiingereza mwaka mzima asijue kwamba inahesabu Kijerumani. Dalili ilikuwa moja tu, chini kulia mwa skrini, ambapo tarehe iliandikwa 09.01 kwa nukta, wala si 09/01 kama tulivyozoea.

Siku ya kwanza karani alifungua faili akakuta kila mstari umerundikana katika safuwima moja: nambari ya mwanachama, kipindi na uzito vyote pamoja. Sababu ni kwamba kwa muundo wa Ujerumani mkato ndio unaotenga desimali, kwa hiyo Excel hutazamia nukta mkato (;) kati ya safuwima. Alinipigia simu. Nilikuwa Kisumu kwa kazi nyingine, na nilichofanya ni kubadilisha programu ya tableti ili itumie nukta mkato. Kazi hiyo haikuchukua hata nusu saa.

Kesho yake akapiga tena. Safuwima zilikuwa zimekaa vizuri, lakini uzito ulikuwa umegeuka tarehe. Mahali pa 6.8 palisomeka 06. Aug, mahali pa 4.7 palisomeka 04. Jul, na 12.5 ilikuwa 12. Mai. Kwa mashine iliyopangwa Kijerumani hilo si kosa, kwa kuwa 6.8 huko ni tarehe sita ya mwezi wa nane. Neno "Mai", yaani Mei kwa Kijerumani, peke yake lilitosha kunionyesha tatizo liko wapi, na hapo ndipo nilipopaswa kumwomba karani afungue mipangilio ya kompyuta na kunisomea kilichoandikwa. Badala yake nikaongeza badiliko la pili juu ya lile la kwanza: tableti ziandike 6,8 badala ya 6.8, kama kompyuta ile ilivyotaka. Maziwa ya siku hizo mbili karani aliyachapa mwenyewe, mstari kwa mstari, moja kwa moja kwenye mfumo.

Tarehe 11 Januari kila kitu kilionekana shwari. Karani aliona kilo, akarekebisha nambari mbili tatu za wanachama, akapakia faili. Mfumo ukajibu kwamba mistari 412 imepokelewa. Nilihesabu mistari ya faili nikapata 412, nikamwambia, "Sasa iko sawa dada, endelea." Sikuangalia kilo hata moja.

Mfumo wa malipo tuliuandika kwa JavaScript, lugha ya kuandikia programu, na sehemu iliyosoma uzito ilitumia kitendakazi, yaani amri iliyo tayari ndani ya lugha hiyo, kiitwacho parseFloat. Kitendakazi hicho husoma maandishi kutoka kushoto, kikakubali kila kinachofanana na nambari, na kinapokutana na alama kisiyoitambua husimama hapo na kurudisha kilichokwisha kusomwa, bila onyo lolote. Mkato hakiutambui. Kwa hiyo 6,8 ikawa 6, na 4,7 ikawa 4. Kila maziwa yaliyopimwa kuanzia siku hiyo yalipoteza kila kilichokuwa baada ya desimali, na hali hiyo iliendelea kwa siku 49.

Kwa nini hakuna aliyeona

Sehemu hii ndiyo iliyonisumbua zaidi nilipoketi kuandika, kwa sababu watu waliokuwa wakizitazama nambari hizi kila siku hawakuwa wazembe.

Kwanza, upungufu ulikuwa na maelezo tayari. Kwa mizani yenye tarakimu moja ya desimali, sehemu inayokatwa ni kati ya 0.0 na 0.9, yaani wastani wa kilo 0.45 kwa kila upimaji. Mistari 412 kwa siku ni takriban kilo 185, katika jumla iliyokuwa ikikaribia kilo 4,300. Huo ni upungufu wa asilimia 4 na kitu, katika miezi ya Januari na Februari, wakati wa kiangazi ambapo nyasi hukauka na kila mfugaji anajua maziwa hupungua. Mhasibu aliuona mstari wa jumla ukishuka akaona ni jua.

Pili, na hili ndilo lililo zito, upande wa pili wa hesabu ulionyesha ziada. Kiwanda kilichonunua maziwa kilikuwa kikipima lori kwa mizani yake na kulipa kwa uzito wa kweli. Kwa kawaida chama hupokea kutoka kwa wafugaji kilo nyingi kidogo kuliko zile kinazouza, kwa sababu maziwa humwagika, mengine hukataliwa, na mengine hubaki kwenye mikebe. Miezi hiyo ikawa kinyume: chama kiliuza zaidi ya kilichopokea. Hasara ingeitisha kikao siku hiyo hiyo. Ziada ilipokelewa kwa shukrani, ikasemwa kwamba makarani wa vituo wamekuwa waangalifu, na kamati ikapitisha ununuzi wa mikebe mipya ya alumini. Lakini chama cha maziwa hakiwezi kuuza maziwa ambayo hakuna ng'ombe aliyeyatoa, na ziada ya aina hiyo ilistahili kuulizwa kwa ukali ule ule wa hasara.

Tatu, hapakuwa na nambari ya ajabu. Kilo 6 ni uzito wa kawaida, na kilo 86 pia. Kama tungeandika mfumo wetu kwa C#, lugha nyingine ya programu, usomaji wa kawaida chini ya muundo wa Kiingereza ungeuchukulia mkato kuwa kitenganishi cha maelfu, na 6,8 ingekuwa 68. Mfugaji mwenye ng'ombe mmoja angeonekana ameleta kilo 68 asubuhi, na kosa lingekamatwa kabla ya chai ya saa nne. Kama tungetumia lugha ya Python, kitendakazi chake cha float kingekataa maandishi hayo na kazi ingesimama. Chanzo ni kile kile, lakini kosa lingejionyesha siku ya kwanza. Letu lilikaa kimya kwa sababu ya kitendakazi tulichokichagua bila kukifikiria.

Ugunduzi

Aliyegundua ni mama mmoja mwenye ng'ombe mmoja. Tangu alipojiunga na chama huandika kila alichopimiwa katika daftari la mazoezi, asubuhi upande wa kushoto na jioni upande wa kulia. Stakabadhi ya Januari ilipotoka, alimwendea karani akaambiwa kwamba mizani haziwezi kulingana na makadirio ya nyumbani. Alirudi mwishoni mwa Februari, siku ambayo kwa bahati nilikuwa ofisini, akaweka daftari na stakabadhi mezani kwa pamoja.

"Kijana wangu," aliniambia, "mimi kompyuta siijui. Lakini niambie, ni ng'ombe gani anayetoa kilo kamili asubuhi na kilo kamili jioni mwezi mzima?"

Nilitazama stakabadhi. Hadi tarehe 10 kulikuwa na 7.2, 4.4, 6.9. Kuanzia tarehe 11 kila mstari uliishia na nukta sifuri, hadi chini ya ukurasa. Daftari lake kwa siku tatu za kwanza za kosa lilisema 6.8 na 4.7, 7.1 na 4.9, 6.5 na 4.6, jumla yake kilo 34.6. Stakabadhi ilisema 6 na 4, 7 na 4, 6 na 4, jumla yake 31. Alikuwa amepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya maziwa yake. Siku hizo hizo mwanachama mwenye zizi kubwa alipimiwa 86.4 akaandikiwa 86, upungufu usiofika nusu ya asilimia moja.

Kwa hiyo kosa halikugawanyika sawa. Kila upimaji ulikatwa kiasi kinachokaribiana, awe mwenye ndoo au mwenye mikebe kumi, na mzigo ukawaangukia wale wanaoleta kidogo. Wenye mifugo wengi, ambao ndio wengi katika kamati, hawakuwa na sababu ya kushtuka.

Maamuzi na sababu zake

Upakiaji wa faili tuliusimamisha mchana huo huo. Kisha tukawa na maswali mawili: jinsi ya kurudisha kilo zilizopotea, na jinsi ya kusoma nambari kuanzia hapo.

Kilo zilipatikana kwa sababu tableti zilikuwa zimehifadhi nakala za faili zake. Mfumo wa malipo haukuwa umehifadhi faili ulizopokea, na karani, kwa kutumia jina lile lile, alikuwa akifuta ya jana kila alipohifadhi ya leo. Lau tableti zisingebaki na nakala, tungekuwa na daftari la mama yule na machache mengine. Hata hivyo tableti ya kituo kimoja ilikuwa imejaa na kufutwa katikati ya Februari, na siku 9 za kituo hicho hazikuwepo popote. Kamati ilibishana sana juu ya siku hizo. Hatimaye iliamua kwamba mwenye daftari alipwe kwa daftari lake bila kuulizwa zaidi, na asiye na daftari aongezewe kilo 0.45 kwa kila upimaji. Mimi niliunga mkono uamuzi huo, ingawa najua kuna waliopata zaidi ya haki yao na waliopata pungufu.

Kuhusu usomaji wa nambari, mwenzangu alipendekeza mfumo ukubali mitindo yote miwili na kubahatisha: ukiona mkato ukifuatwa na tarakimu moja, uuhesabu kuwa desimali. Kwa uzito wa maziwa hilo lingefanya kazi. Lakini mfumo ule ule husoma makato ya chakula cha mifugo, na humo mna maandishi kama 1,250. Nchini Kenya hizo ni shilingi elfu moja mia mbili na hamsini. Ujerumani ni moja na robo. Hakuna kanuni inayoweza kujua kwa kuangalia maandishi peke yake ni ipi iliyokusudiwa, na programu inayobahatisha vizuri mara nyingi huaminiwa hata siku inapokosea. Tukakubaliana kwamba mfumo usibahatishe.

Faili zote zinazosafiri kati ya kifaa na kifaa sasa huandikwa kwa mtindo mmoja usiobadilika, yaani nukta kwa desimali na bila kitenganishi cha maelfu, hata kama kompyuta inayozifungua imepangwa kwa nchi gani. Kabla ya kusoma thamani yoyote mfumo huhakikisha kwamba ina tarakimu tupu na nukta isiyozidi moja. Ukikuta chochote kingine, mfumo huukataa mstari huo na kuonyesha maandishi yake kama yalivyo. Uzito huhifadhiwa kama nambari nzima ya sehemu za kumi za kilo, 68 badala ya 6.8, na desimali hurudishwa wakati wa kuchapisha stakabadhi tu. Mstari wa mwisho wa kila faili hubeba jumla ya kilo iliyohesabiwa na tableti yenyewe, na mfumo hukataa faili nzima ikiwa jumla yake hailingani na hiyo. Faili zilizopokelewa huhifadhiwa kama zilivyokuja.

Excel tuliiondoa kabisa katika safari hiyo. Marekebisho ya nambari za wanachama sasa hufanywa ndani ya mfumo wenyewe, na mwenye kutaka lahajedwali kwa ajili ya ripoti hulipata, ila halirudi kamwe kuwa chanzo cha malipo.

Matokeo

Jumla iliyokuwa imepotea ilifika takriban kilo 9,100, yaani shilingi 409,500 kwa bei ya wakati huo. Fedha zilikuwepo kwa kuwa kiwanda kilikuwa kimelipa uzito wa kweli, isipokuwa sehemu iliyokwisha kununua mikebe. Wanachama walilipwa kwa awamu mbili, Machi na Aprili, na kila mmoja alipewa karatasi iliyoonyesha kila upimaji: kilichoandikwa, kilichopaswa kuandikwa, na tofauti yake. Mwenyekiti aliomba radhi katika mkutano wa wanachama, nami nikasimama baada yake kueleza mabadiliko niliyoyafanya nikiwa Kisumu. Wachache waliondoka chamani wakati huo na hawajarudi.

Uchambuzi

Katika mtazamo wa kiufundi, tatizo hili ni la zamani na halina mwenye haki. Mkutano Mkuu wa kimataifa wa Vipimo na Mizani ulilizungumzia mwaka 1948, na mwaka 2003 ukatamka wazi kwamba alama ya desimali inaweza kuwa nukta au mkato, na kwamba makundi ya tarakimu tatu yakitengwa, yatengwe kwa nafasi tupu. Nchi zimebaki na mazoea yao. Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi nukta kutoka kwa Waingereza. Sehemu kubwa ya bara la Ulaya hutumia mkato, na mkato huo ukafika Kongo, Rwanda na Burundi kwa njia ya Kifaransa.

Kwa wasomaji wa Kiswahili kuna jambo la kuzingatia hapa. Katika hazina ya kimataifa ya taarifa za lugha na maeneo iitwayo CLDR, ambayo simu na kompyuta nyingi huitegemea, Kiswahili cha Kenya huandika 1,250.75 na Kiswahili cha Kongo huandika 1.250,75. Lugha ni moja, na nambari zinasomwa kinyume. Mtayarishaji programu anayejua lugha ya mtumiaji wake hajajua bado jinsi anavyoandika desimali, na lile kosa la kompyuta yetu lingeweza kutokea hata kama menyu zake zingekuwa za Kiswahili fasaha.

Jambo lililofanya kazi katika kisa hiki ni stakabadhi yenye kila upimaji. Tulipounda mfumo tulishauriwa tuchapishe jumla ya mwezi tu ili kuokoa karatasi, na tukakataa. Kama stakabadhi ingekuwa na jumla peke yake, mama yule angekuwa na lalamiko lakini asingekuwa na mstari wa kuonyesha kwa kidole. Jambo jingine ni nakala za tableti, ingawa tulizipata kwa bahati, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amepanga zikae.

Kilichoshindwa si parseFloat peke yake. Kilichoshindwa ni uamuzi wangu wa kuifanya data ifuate kompyuta moja. Uzito wa maziwa ulikuwa mali ya chama, na mimi nikaubadilisha maandishi yake ili ukae vizuri mbele ya macho ya mashine iliyonunuliwa wiki hiyo. Onyesho lingeweza kufuata mashine. Nambari yenyewe haikupaswa kuguswa. Kila badiliko nililolifanya liliondoa dalili iliyoonekana: safuwima zilizorundikana zilikuwa dalili, na tarehe ya mwezi wa nane ilikuwa dalili kubwa zaidi, nami nilizifuta zote mbili hadi kosa likabaki bila sura.

Kuhesabu mistari 412 nako kulinipa uhakika nisiostahili. Idadi ya mistari huthibitisha kwamba hakuna mfugaji aliyeachwa, lakini haisemi lolote kuhusu ndoo yake. Jaribio la maana lingekuwa kuchukua upimaji mmoja wenye desimali, kuufuata kutoka kwenye mizani hadi kwenye stakabadhi, na kuona kama umefika mzima.

Nalo jibu alilopewa mama yule mara ya kwanza linahitaji kutajwa. Karani hakumdharau, alimjibu kwa kile ambacho mfumo ulimwonyesha, na sisi ndio tuliomfundisha kwamba mfumo haukosei. Sasa lalamiko la kilo huandikwa katika kitabu maalumu pamoja na ukurasa wa daftari la mwanachama, na tunalijibu baada ya kufungua faili ya siku hiyo kama ilivyotoka kituoni. Tangu Aprili yameandikwa malalamiko sita. Manne yalitokana na nambari ya mwanachama iliyochapwa vibaya, moja lilikuwa hesabu ya nyumbani iliyokosewa, na moja bado tunalifuatilia kwenye mizani ya kituo cha tatu.